Bastola ndogo ya bei nafuu, na mpaka usioitambua leseni yako

Swali hili haliulizwi kwa sauti kubwa. Mtu husubiri chai iishe, wengine waondoke mezani, ndipo anauliza: ni bastola gani ndogo, isiyo ghali, ambayo mfanyabiashara anaweza kununua akaiweka kwenye gari? Nimeulizwa hivyo Namanga, nikaulizwa tena Busia, na kila mara muulizaji alikuwa mtu wa kawaida kabisa: muuza vitunguu, mnunuzi wa vitenge, mwenye Fuso moja na deni la benki. Aidha ameibiwa, au aliyeibiwa ni jirani yake wa sokoni. Wote hubeba fedha taslimu, na barabara wanazozipita usiku wanazijua wao na wanaowavizia.

Swali ni halali na linastahili jibu la mtu mzima. Kumwambia mtu aliyewekewa panga shingoni kwamba silaha ni mbaya hakumsaidii. Ila jibu lina nusu mbili. Nusu ya kwanza inahusu bastola yenyewe. Ya pili inahusu mpaka, na kwa msomaji wa gazeti hili ndiyo nzito zaidi.

Tuanze na bastola. Wanaotafuta silaha ya bei ya chini kwa kawaida huishia kwenye rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, iliyotobolewa matundu 5 au 6 ya risasi, wakati mwingine zaidi. Sababu zao zina maana. Mitambo yake ni rahisi kueleweka, haina magazini ya kupotea wala ya kukwama, na risasi moja ikigoma unavuta tena kifyatulio, silinda inaleta nyingine. Kwa mtu anayefanya mazoezi mara chache, urahisi huo ni faida ya kweli.

Kinachofuata ni kaliba, yaani upana wa risasi. Iliyo ndogo na ya bei nafuu ni .22, ambayo ni takriban milimita 5.6. Rivolva yake hairuki sana mkononi na risasi zake kwa kawaida ndizo za bei ya chini kuliko zote. Ila ina udhaifu ambao muuzaji hatautaja kwanza. Baruti ya kuwashia risasi hiyo imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, tofauti na risasi kubwa ambazo kiwashio chake kipo katikati ya kitako. Kwa ujenzi huo, .22 hugoma mara nyingi zaidi. Juu ya hapo, rivolva za .22 mara nyingi zina kifyatulio kigumu, na mtutu mfupi unafanya kulenga kuwe kazi hata kwa aliyetulia, seuze anayetetemeka gizani. Kaliba inayofuata kwa umaarufu ni .38, yenye risasi ya karibu milimita 9. Hiyo huaminika zaidi lakini hurusha mkono, hasa kwenye silaha nyepesi ya mfukoni.

Bei? Huko Marekani, ambako silaha hizi huuzwa kwa wingi, rivolva mpya ya .22 aina ya Heritage Rough Rider hupatikana kwa chini ya dola 200. Za .38 za kampuni ya Taurus ya Brazil huwa juu zaidi ya hapo, na Smith & Wesson juu tena. Anayesoma bei hizo kwenye simu akiwa Arusha au Kisumu asidhani ndizo atakazokutana nazo kwa muuzaji mwenye leseni. Kuna kuingiza, kuna kodi, kuna faida ya muuzaji, na maduka yenyewe yanahesabika. Kabla ya kuuliza bastola, uliza duka hilo huwa na risasi za kaliba gani mwaka mzima. Bastola nafuu ambayo risasi zake hazipatikani kihalali ni chuma cha kushikilia karatasi.

Jambo moja nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu linahusu gari. Rivolva nyingi za zamani zilitengenezwa bila kizuizi kinachotenganisha nyundo na risasi. Ikidondoka, au ikigongwa kwenye nyundo, inaweza kulia yenyewe. Ndiyo maana wenye rivolva hizo walikuwa wakiacha tundu moja wazi chini ya nyundo. Kampuni ya Ruger ilianza kuweka kipande cha chuma cha usalama kwenye rivolva zake za mtindo huo mwaka 1973, na leo ni jambo la kawaida kwa watengenezaji makini. Sasa fikiria rivolva ya mtumba, ya miaka ambayo hakuna anayeijua, imetupwa kwenye dashibodi ya lori linalopita kwenye matuta kutoka Malaba hadi Kampala. Aliye karibu nayo zaidi ni utingo wako.

Na mtu asidanganywe na udogo. Machi 30, 1981 mjini Washington, mtu mmoja alimfyatulia Rais Ronald Reagan risasi 6 kwa rivolva ya .22 aina ya Röhm RG-14, iliyonunuliwa Dallas kwa chini ya dola 50. Watu 4 walipigwa, Reagan akiwa mmoja wao. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani na akaishi na ulemavu hadi alipofariki 2014. Wamarekani walikuwa wamezuia tangu 1968 uingizaji wa bastola ndogo za bei rahisi zisizofaa kwa michezo, lakini kampuni hiyo ya Kijerumani ilikuwa ikileta vipuri na kuunganisha bastola Miami. Kwa hiyo silaha ile ile ni dhaifu kwa anayejilinda, kwani inaweza kugoma na haimsimamishi mtu kwa uhakika, lakini inatosha kabisa kuua kwa bahati mbaya au kumlemaza asiyehusika.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Tuseme umeridhika, umechagua yako. Sasa kuna karatasi.

Kenya inaongozwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na maombi huamuliwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti kikitoka, kinataja silaha ni ipi na unaruhusiwa kuwa na risasi kiasi gani. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, wakiwamo waliokuwa na leseni kwa miaka mingi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, na kabla ombi halijafika kwa polisi wa ngazi za juu, safari huanzia kwa uongozi wa mtaa au kijiji unaokufahamu, kisha kamati za usalama. Uganda ina sheria yake ya 1970. Rwanda ina yake ya 2018. Burundi, baada ya vita, ilifanya kampeni ya kuwanyang'anya raia silaha, na kumbukumbu hiyo bado ipo kwa askari wanaosimama barabarani.

Tofauti za sheria hizi zinatosha kujaza gazeti zima, lakini mfanyabiashara anahitaji kujua kitu kimoja tu ambacho zote zinafanana. Leseni ya kila nchi inaishia kwenye ardhi ya nchi hiyo. Hakuna nchi ya Jumuiya ambayo cheti chako cha kumiliki silaha kinasomwa na nchi jirani kama inavyosomwa leseni ya udereva. Ukivuka nayo bila kibali cha awali cha nchi unayoingia, wewe kule si mmiliki halali aliyesahau karatasi. Wewe ni mtu aliyeingiza silaha isiyo na leseni.

Hapa ndipo mpangilio wa mipaka yetu ya sasa unapomtega mtu. Zamani ulikuwa unasimama mara mbili. Unagonga muhuri wa kutoka upande wako, unavuka, unagonga wa kuingia. Aliyekumbuka kitu alichokisahau kwenye gari alikuwa na nafasi ya kurudi. Tangu vijengwe vituo vya huduma kwa pamoja mpakani, kama Holili na Taveta, Mutukula, Busia, Namanga na Rusumo, utaratibu ni mwingine. Anayetoka Kenya kwenda Tanzania kupitia Namanga hasimami upande wa Kenya. Anaendesha moja kwa moja hadi jengo la upande wa Tanzania, na humo humo anakutana na maofisa wa nchi zote mbili, wa kumtoa na wa kumwingiza. Ni utaratibu mzuri, umepunguza foleni, na wasomaji wetu wengi wanaupenda. Ila maana yake ni kwamba ofisa wa kwanza atakayekuuliza umebeba nini, atakuuliza ukiwa tayari umesimama kwenye ardhi ya nchi ya pili. Bastola iliyosahaulika chini ya kiti imeshavuka kabla hujafungua mdomo.

Nimewahi kusikia wafanyabiashara wakisema kwamba utaratibu rahisi wa biashara, ule wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, unawapa uhuru wa kupita na vitu vyao bila maswali. Hilo ni kosa la hatari. Utaratibu ule ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha, na unaondoa ushuru wa forodha, hauondoi sheria nyingine. Silaha na risasi ziko kwenye Sura ya 93 ya vitabu vya forodha, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaziweka miongoni mwa bidhaa zenye masharti maalumu. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kutaifisha chombo kilichotumika kubeba bidhaa iliyoingizwa kinyume cha masharti. Kwa mwenye Fuso moja na deni la benki, hesabu yake ni hiyo: rivolva ya dola mia chache inaweza kuondoka na gari, mzigo uliomo na uhuru wa aliyeshika usukani, ambaye pengine hata hakujua kuna silaha.

Wapo watakaouliza kwa nini. Tuna Soko la Pamoja tangu Julai 2010. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka baina yao kwa vitambulisho vya taifa. Bima ya gari inavuka. Kwa nini leseni ya silaha isivuke?

Jibu linaanzia Nairobi. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Mwaka uliofuata kikaundwa kituo cha kuisimamia, RECSA, chenye makao yake hapo hapo Nairobi. Itifaki ile ilizaliwa na hofu ya vita. Inazitaka nchi zipige marufuku raia kumiliki silaha nyepesi za kivita, bunduki zinazojipakia risasi zenyewe na bunduki za rashasha, zitie alama kila silaha ili ijulikane ilikotoka, ziweke kumbukumbu na zioanishe sheria zao. Bastola ya raia mmoja haikuwa tatizo lililowakutanisha mawaziri wale, hivyo ikaachwa mikononi mwa kila nchi, chini ya sharti la jumla kwamba umiliki wa raia udhibitiwe. Kwa maneno mengine, eneo letu limeungana katika kuzuia silaha, halijaungana katika kuruhusu.

Sidhani hilo ni kosa. Leseni inayovuka mipaka ingekuwa na nguvu ya ofisi iliyo dhaifu kuliko zote katika mnyororo, na kila mmoja wetu anaweza kutaja ofisi moja anayoishuku. Silaha ambayo imetolewa kwa rushwa katika nchi moja ingekuwa halali katika nyingine saba. Wafanyabiashara wangekuwa wa kwanza kuumia, maana majambazi nao wangeomba leseni.

Hata hivyo kuna jambo linaudhi. Mwindaji wa kitalii anayekuja Tanzania kutoka Texas ana utaratibu unaoeleweka wa kuleta bunduki yake: kibali cha muda, namba ya silaha, idadi ya risasi, tarehe ya kuondoka nayo. Utaratibu huo umejengwa kwa ajili ya bunduki za uwindaji na fedha zinazoingia nazo. Mama anayevuka Taveta kila Jumatano na mauzo ya wiki kiunoni hana utaratibu wowote uliojengwa kwa ajili ya hofu yake. Simaanishi apewe bastola. Namaanisha kwamba hofu yake haijawahi kuwa ajenda ya kikao, na ndiyo maana anaishia kuuliza swali lile kwa sauti ya chini.

Na asipopata jibu kwa mtu kama mimi, lipo jibu jingine linalosubiri kwenye njia za panya. Kila mpaka una mtu anayejulikana kwamba "anaweza kukupatia". Bei yake huwa ndogo, haulizi kitambulisho, na hapo ndipo ubaya ulipo. Silaha isiyo na karatasi ina historia usiyoijua. Pengine iliibwa kwa askari. Pengine ilishaua. Polisi wakilinganisha risasi na ganda na wakakukuta nayo mkononi, kazi ya kueleza ilikuwa wapi mwaka juzi ni yako. Mashariki mwa Kongo, ambako makundi yenye silaha hayahesabiki, raia wa kigeni aliyekutwa na bastola atakuwa na bahati kama atachukuliwa kuwa mfanyabiashara.

Turudi kwenye kilichomfanya mtu aulize. Wizi wa mpakani unafuata fedha taslimu. Mzigo wa vitunguu hauwindwi. Anawindwa mtu anayerudi baada ya kuuuza. Na wanaomwinda huja zaidi ya mmoja, hujua njia na saa, na mara nyingi wameelekezwa na mtu wa karibu. Dhidi ya watu watatu waliozuia barabara kwa mawe, rivolva ya .22 kwenye dashibodi inampa mwenye nayo sekunde chache za kuitafuta na inawapa wao sababu ya kuua badala ya kuiba. Ikichukuliwa, na huchukuliwa, siku inayofuata inatumika kwa mwingine, na namba iliyochongwa juu yake ni ya jina lako.

Kwa hiyo kitu cha kupunguza ni fedha mfukoni. Vyombo vipo. Tangu 2015 mteja wa M-Pesa Kenya ameweza kumtumia mwenzake wa Tanzania. Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, unaounganisha benki kuu za eneo hili, umekuwepo tangu 2014, na unaruhusu benki kulipana kwa shilingi zetu na faranga bila kupitia dola. Kwa nini basi watu bado wanabeba mabunda? Waulize, watakwambia wenyewe. Makato ya kuvusha fedha kwa simu yanakula faida ya gunia. Kuna kikomo cha kiasi kwa siku. Muuza jumla upande wa pili anataka noti mkononi kwa sababu naye ana wake anayetaka noti. Mbadilisha fedha wa barabarani anatoa kiwango kizuri kuliko benki na hafungi saa kumi. Na kuna wale ambao hawataki mamlaka ya mapato ione mauzo yao, tuseme ukweli.

Hayo yote, ukiondoa la mwisho, serikali zinaweza kuyapunguza bila mkutano wa marais. Makato ya kuvuka mpaka yakishushwa hadi yakaribie ya ndani ya nchi, mabunda yatapungua yenyewe. Benki zikiruhusiwa na kusukumwa kuweka mawakala ndani ya masoko ya mpakani, jioni mama wa Taveta atakuwa na mahali pa kuacha mauzo kabla hajapanda bodaboda. Askari wa doria wakijua siku za soko za upande wa pili, na si za upande wao tu, watakuwa barabarani siku inayotakiwa. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wadau mipakani, na usalama wa msafiri baada ya soko huja mwisho, wakati wa mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kuangalia posho.

Kwa ambao tayari wana leseni na bastola, ushauri wangu ni mfupi. Safari ya kuvuka ikipangwa, silaha ibaki nyumbani ndani ya sefu iliyofungwa, au ikabidhiwe polisi kwa maandishi upande wako kabla ya kuondoka. Usimwachie dereva, maana leseni ni ya mtu na haiazimishwi. Kagua gari mwenyewe kabla ya kuingia foleni, chini ya viti na ndani ya dashibodi, na uangalie risasi pia. Risasi moja iliyosahaulika kwenye koti inahesabiwa kama risasi, hata kama bastola iko Moshi. Ukigundua umekosea ukiwa bado upande wako, geuza gari uirudishe.

Na kwa aliyekwisha kununua kwa njia ya panya na sasa hajui aifanye nini: Umoja wa Afrika uliutenga Septemba ya kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha, ambapo nchi huhimizwa kuwaruhusu raia kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa, na mpango huo uliongezwa muda hadi 2030. Kila serikali hutoa tangazo lake na masharti yake, hivyo soma la nchi yako. Nenda na mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa dini unayemwamini, asubuhi, silaha ikiwa haina risasi ndani, na umtangulize mtu kituoni aseme mnakuja.